Jina lako liko SHA, lakini je, bima yako inafanya kazi? Mambo ya kujua kabla mtoto hajaugua

WAKENYA wengi wakiulizwa kama wana bima ya afya hujibu haraka: "Ndiyo, nilijisajili SHA." Wengine watakuonyesha hata ujumbe uliotumwa kwa simu kuthibitisha usajili huo. Ujumbe ni wa kweli. Shida ni kwamba haumaanishi kile ambacho wengi wanadhani unamaanisha. Mzazi huja kulijua hilo mahali pabaya zaidi: kwenye dirisha la malipo la hospitali, usiku, mtoto akiwa mgongoni anahema kwa taabu, na karani nyuma ya kioo anamwambia, "Mama, umesajiliwa, lakini hujalipa."

Makala ya leo ni yako wewe ambaye hukatwi mshahara na mwajiri. Wewe unayeuza mboga Kongowea, unayeendesha bodaboda Kitale, unayefua nguo za watu mtaani, unayelima shamba la robo ekari, au nyanya unayelea wajukuu kwa pesa za Inua Jamii. Kwa mwajiriwa, kampuni hukata ada kila mwezi na kuituma. Wewe ni lazima uulize, uhesabu na ulipe mwenyewe. Ndiyo maana habari sahihi kwako ni sehemu ya matibabu.

Mfuko si mmoja, ni mitatu

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, kufuatia Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Kama ulikuwa mwanachama wa NHIF kwa miaka mingi, kadi ile ya zamani haikusaidii tena. Kila mtu alitakiwa kujisajili upya.

Jambo linalowachanganya watu ni hili: chini ya SHA kuna mifuko mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu hugharimiwa na serikali. Unalipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani vile ambavyo kwenye kibao utaona vimeandikwa Level 2 na Level 3. Ili utibiwe huko kupitia mfuko huu unahitaji tu kuwa umesajiliwa. Hutakiwi kuwa umelipa ada.

Mfuko wa pili ni wa bima yenyewe, unaoitwa SHIF. Huu ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, matibabu ya saratani na mengineyo. Kutibiwa kupitia mfuko huu ni lazima uwe umelipa ada yako ya mwaka.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Huu husaidia katika matibabu ya dharura, na pia huchukua mzigo pale kiwango cha SHIF kinapoisha kwa mgonjwa ambaye bado anahitaji kutibiwa.

Sasa utaelewa kwa nini jirani yako anaapa kwamba SHA ni bure, na mwingine anaapa kwamba alitozwa kila senti. Huenda wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza alipeleka mtoto mwenye kikohozi kwenye zahanati ya mtaa. Wa pili alipeleka wake hospitali ya kaunti, akalazwa siku nne, na ada ya SHIF ilikuwa haijalipwa.

Jiangalie leo, si siku ya kuugua

Njia rahisi ya kujua ulipo ni kupiga *147# kwa simu yako. Haihitaji simu ya bei ghali wala intaneti. Hata kabambe inatosha. Fuata menyu hadi uone hali ya usajili wako. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuingia kwenye tovuti ya Afya Yangu, afyayangu.go.ke, na kuona mambo hayo hayo kwa upana zaidi.

Unapoangalia, tafuta majibu ya maswali manne.

Kwanza, je, jina na nambari ya kitambulisho ni sahihi? Herufi moja iliyokosewa inaweza kukukwamisha hospitalini.

Pili, je, ulijibu maswali kuhusu hali ya maisha ya familia yako? Wengi waliosajiliwa sokoni au kwenye mikutano ya chifu walitoa kitambulisho tu wakaondoka. Bila kujibu maswali hayo, mfumo hauwezi kujua ada yako ni ngapi, na kwa hivyo hata ukitaka kulipa huna cha kulipa.

Tatu, je, umelipa, na malipo hayo yanaisha lini?

Nne, je, watoto wako na mwenzako wanaonekana chini ya jina lako? Hapa ndipo wazazi wengi huteleza, nasi tutarudi hapo.

Kama simu iliyotumika kukusajili haikuwa yako, shughulikia hilo mapema. Huenda ukathibitishwa hospitalini kwa nambari ya siri inayotumwa kwa simu iliyoandikishwa. Ikiwa simu hiyo ni ya kijana aliyekusaidia mwaka juzi na sasa yuko Nairobi, nambari itamfikia yeye badala yako.

Ada yako inahesabiwaje?

Sheria inasema kila familia ilipe asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa mwajiriwa, asilimia hiyo hukatwa kwenye mshahara wote kabla ya makato mengine. Kwa asiye na mshahara, mapato hukadiriwa kutokana na majibu yake: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mko wangapi, mna mifugo au la.

Tufanye hesabu. Familia inayokadiriwa kupata Sh10,000 kwa mwezi ingelipa Sh275 kwa asilimia hiyo. Kwa kuwa kiasi hicho kiko chini ya kiwango cha chini, italipa Sh300, sawa na Sh3,600 kwa mwaka. Familia inayokadiriwa kupata Sh20,000 italipa Sh550 kwa mwezi, yaani Sh6,600 kwa mwaka.

Mwajiriwa hulipa mwezi kwa mwezi. Wewe unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hili limelalamikiwa sana, na malalamiko hayo yana msingi: mtu anayepata riziki ya siku kwa siku anaombwa atoe pesa za miezi kumi na miwili mara moja, ilhali mwenye mshahara wa uhakika haombwi hivyo. Kutokana na kilio hicho, mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kugawa ada hiyo katika malipo madogo madogo. Unaupata kwa *147#. Kabla ya kukubali, soma masharti: utalipa kiasi gani kila mara, kwa muda gani, na nini kitatokea ukikosa kulipa.

Wengine wanaona afadhali kuweka wenyewe. Sh3,600 kwa mwaka ni kama Sh10 kwa siku; Sh6,600 ni kama Sh18. Kuna vyama vya akina mama ambavyo huchanga kwa zamu, mwezi huu tunalipia mwanachama huyu, mwezi ujao yule. Ikiwa chama chako hununuliana sufuria na blanketi, pendekeza kwamba duru moja ya mwaka iwe ya SHA.

Na ukiona ada uliyopangiwa haifanani kabisa na maisha yako, usinyamaze wala usiache kulipa kwa hasira. Angalia kwanza majibu yaliyojazwa. Mara nyingi aliyekusajili alijaza kwa kukisia: akaandika nyumba ya mawe wakati ni ya mabati, au akahesabu shamba la ukoo kuwa lako. Nenda katika ofisi ya SHA au dawati lake kwenye Huduma Centre ukiwa na kitambulisho, uombe majibu yaangaliwe upya. Lakini pia usidanganye ili upunguziwe.

Nani wa kuuliza, na kwa utaratibu gani

Habari za SHA zimejaa kila mahali: kwenye matatu, saluni, vikundi vya WhatsApp, jukwaa la mwanasiasa. Nyingi zina nusu ya ukweli. Fuata ngazi hii badala yake.

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa aina hii mnamo Septemba 2023, na kila mmoja amepewa nyumba za kutembelea. Wana mikoba ya dawa za kwanza na simu za kazi, na mojawapo ya majukumu yao ni kuwasajili watu na kuwaeleza kuhusu SHA. Ikiwa humjui wako, uliza kwenye zahanati iliyo karibu au kwa mzee wa mtaa. Huduma yake hailipiwi.

Ngazi ya pili ni zahanati au kituo cha afya chenyewe. Nenda siku ambayo hakuna mgonjwa nyumbani, saa ambazo foleni imepungua, umuulize mhudumu wa usajili. Swali linalojibiwa kwa dakika tano mchana huo linaweza kukuokoa saa tano usiku wa dharura.

Ngazi ya tatu ni Huduma Centre na ofisi za SHA katika kaunti. Huko ndiko makosa ya usajili hurekebishwa: majina, tarehe za kuzaliwa, mtoto aliyeandikwa mara mbili, au malipo yaliyotumwa na hayaonekani. Beba kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo.

Ukienda popote kati ya hapo, andika kwenye daftari tarehe, jina la ofisi na jibu ulilopewa. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ila ukiuliza bila kuandika, utajikuta unaulizia jambo lile lile kila mwezi.

Watoto hawaingii wenyewe

Wazazi wengi hudhani kwamba baba akijisajili, nyumba nzima imeingia. Sivyo. Kila mtu mzima hujisajili kwa kitambulisho chake, kisha mume na mke huunganishwa. Watoto nao huongezwa mmoja mmoja kama wategemezi, kwa kutumia cheti cha kuzaliwa. Mtoto mchanga ambaye cheti chake hakijatoka huandikishwa kwa ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa ambayo hospitali hukupa baada ya kujifungua. Usiitupe karatasi hiyo wala kuifungia sukari. Itunze pamoja na kijitabu cha kliniki.

Ada ya familia haiongezeki kwa sababu ya idadi ya watoto uliowaandikisha. Kwa hivyo hakuna faida yoyote ya kumficha mmoja.

Kwa nyanya, shangazi au mjomba anayelea mtoto wa ndugu, shida huwa ni hati. Kama mama wa mtoto yuko hai na anapatikana, mwambie amwandikishe mtoto chini ya jina lake hata kama anaishi mbali. Kama wazazi hawapo, anza na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Huko utaelezwa namna ya kupata hati ya ulezi na cheti cha kuzaliwa ikiwa hakikuwahi kuchukuliwa. Kazi hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Ndiyo sababu ya kuianza mtoto akiwa mzima anacheza.

Kumbuka pia kwamba kuna huduma ambazo hazitegemei SHA kabisa. Chanjo za watoto katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi pia hutolewa bure katika vituo vya umma. Yeyote asikuzuilie huduma hizi kwa kisingizio kwamba hujalipa bima.

Mama mjamzito asisubiri uchungu

Enzi za mpango wa Linda Mama, mjamzito alijisajili na kujifungua bila malipo. SHA ilipoingia, kujifungua kukawekwa miongoni mwa huduma zinazolipwa na SHIF, ule mfuko unaohitaji ada. Akina mama wengi hawakuambiwa hivyo. Walifika wodini wakitegemea utaratibu wa zamani.

Katika viwango vilivyotangazwa SHA ilipoanza, mfuko hulipa hospitali Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Ukilinganisha na ada ya chini ya Sh3,600 kwa mwaka, utaona kwamba kwa familia inayotarajia mtoto, hakuna mwaka ambao ada hiyo ina thamani zaidi kuliko huu. Anza kuweka akiba pindi tu unapojua una mimba, na hakikisha umemaliza kulipa angalau miezi miwili kabla ya tarehe uliyopewa kliniki. Watoto wengine huwa na haraka zao.

Ukihudhuria kliniki, muulize muuguzi maswali mawili waziwazi: "Kituo hiki kina mkataba na SHA wa kuzalisha?" na "Nikihitaji upasuaji nitapelekwa hospitali gani, na yenyewe ina mkataba?"

Maswali ya kuuliza kabla ya kulazwa

Si kila hospitali inapokea SHA, na inayopokea leo huenda isipokee mwezi ujao. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya huduma ambazo hazikutolewa. Hospitali za kibinafsi nazo zimewahi kusitisha kupokea SHA zikidai kucheleweshewa malipo. Kwa hivyo, ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu, uliza kwanza:

Je, hospitali hii ina mkataba na SHA kwa sasa, na kwa huduma ninayohitaji?

Je, SHA inalipa yote, au kuna kiasi nitakachoongeza mwenyewe? Ni ngapi?

Vipimo na dawa vimo ndani ya malipo hayo au vitatozwa kando?

Kama kuna kiwango cha mwaka, kimebaki ngapi kwa familia yangu?

Swali hilo la mwisho lina uzito kwa wanaougua magonjwa ya muda mrefu. Katika viwango vya mwanzo, matibabu ya saratani yaliwekewa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka kutoka SHIF, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Kusafishwa damu kulipangiwa Sh10,650 kwa kila awamu. Viwango hivi hufanyiwa marekebisho, kwa hivyo uliza kile kinachotumika siku unayotibiwa, wala usitegemee bango lililobandikwa ukutani zamani.

Usitie sahihi fomu ambayo hujasomewa ukaielewa. Usitoe nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako kabla ya kuambiwa inathibitisha huduma gani. Ukitoa nambari hiyo kwa huduma ambayo hukupata, kiwango cha familia yako kinaliwa na mtu mwingine.

Na ukienda zahanati ukaambiwa matibabu ni bure lakini dawa zimeisha, jambo ambalo hutokea mara nyingi, omba uandikiwe dawa hizo kwenye karatasi, uulize zinatarajiwa lini, na kama kuna kituo kingine cha umma karibu ambacho kinazo. Mweleze pia mhudumu wa afya ya jamii. Malalamiko yaliyoandikwa na kufikishwa kwa kamati ya kituo husikika kuliko manung'uniko ya kwenye foleni.

Dharura haisubiri bima

Yote tuliyosema hapa yasikufanye umkawize mtoto nyumbani ukitafuta ada. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelala bila kuamka vizuri, au anayepumua kwa shida huku mbavu zikiingia ndani, ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi, uwe umelipa au hujalipa.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Hospitali inapaswa kwanza kumtuliza mgonjwa wa dharura, ndipo mambo ya malipo yafuate. Ukikataliwa mlangoni, omba kumwona msimamizi wa zamu, utaje kwamba ni dharura, na uombe jina la aliyekukatalia. Sema kwa upole lakini bila kurudi nyuma.

Kama huwezi kulipa kabisa

Kuna familia ambazo hata Sh10 kwa siku ni ndoto. Sheria yenyewe inatambua hilo, na inataka serikali iwalipie wasiojiweza. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia ada watu milioni 2.2 kati ya walio maskini zaidi. Baadhi ya kaunti, wabunge na makanisa pia wamekuwa wakilipia familia zilizo katika maeneo yao.

Mipango hii huchagua watu kutoka kwa orodha, na orodha hutokana na majibu yale yale ya hali ya maisha. Ambaye hajasajiliwa wala hajajibu maswali hawezi kuonekana. Kwa hivyo hata kama una hakika huwezi kulipa, kamilisha usajili wako. Kisha piga *147# kila baada ya miezi michache uone kama kuna aliyekulipia. Wapo waliolipiwa na hawajui, wakaendelea kukaa nyumbani na maumivu.

Mwambie mhudumu wa afya ya jamii na chifu wako waziwazi kwamba huna uwezo. Wakija watu wa kuorodhesha, hao ndio wanaoulizwa. Ikiwa unapokea Inua Jamii, ile Sh2,000 ya kila mwezi kwa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa, litaje hilo popote unapojieleza.

Kama mgonjwa tayari amelazwa na bili inapanda, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Hospitali za umma huwa na afisa huyu, na kazi yake ni kuchunguza uwezo wa familia na kupendekeza msamaha au kulipa kwa awamu. Anahitaji muda wa kuuliza maswali na kuandika ripoti. Ukimfuata mchana wa kutoka, utakuwa umemfunga mikono.

Ukizungushwa

Habari kuhusu bima ya umma ni haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Unaweza kuandika barua fupi, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa ofisi husika: "Naomba kujua kwa nini malipo yangu ya tarehe fulani hayaonekani," au "Naomba orodha ya hospitali zenye mkataba katika kaunti ndogo yetu." Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa anatakiwa kumwandikia. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Usipojibiwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huifahamu kama ofisi ya Ombudsman.

Barua hiyo iwe na nakala. Omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi muhuri peke yake hutosha kuamsha faili lililokuwa limelala.

Jihadhari na wanaokusaidia kwa bei

Pale habari rasmi inapokuwa ngumu kupatikana, matapeli hufungua kibanda. Kujisajili SHA hakulipiwi. Anayekudai Sh200 "ya fomu" anakuibia. Ada ya bima hulipwa kupitia *147# au nambari ya malipo ya M-Pesa 200222 kwa kutumia nambari yako ya kitambulisho kama akaunti. Haitumwi kwa nambari ya mtu binafsi, hata akijiita afisa. Wala hakuna afisa wa SHA atakayekupigia simu kukuomba PIN yako ya M-Pesa.

Ukimaliza kulipa, usiishie kwenye ujumbe wa M-Pesa. Piga *147# tena siku hiyo na kesho yake, hadi mfumo wenyewe uonyeshe kwamba bima yako inafanya kazi na itaisha tarehe gani. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda iliyo ukutani, na weka alama nyingine miezi mitatu kabla, ili uanze kutafuta ya mwaka unaofuata mapema.

Leo jioni, baada ya chakula, kusanyeni vitu hivi kwenye mfuko mmoja: kitambulisho cha baba na cha mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vijitabu vya kliniki, na karatasi yenye jina na simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kwenu. Halafu pigeni *147# mkiwa wote wawili, msome majina ya watoto mmoja mmoja. Kama kuna asiyeonekana, kesho ndiyo siku ya kwenda kumwandikisha.